Kufufua mfumo mkongwe wa maji ya mserereko katika mji mdogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Miradi mingi ya maji ya mserereko (yanayoshuka yenyewe kutoka chanzo kilicho juu, bila pampu) katika Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe ilijengwa baada ya mpango wa maji vijijini wa mwaka 1971, na mingine katika miaka ya 1980 na 1990 kwa msaada wa DANIDA (shirika la misaada la Denmark), UNICEF na mashirika ya dini. Vijiji vilivyokusudiwa wakati ule sasa ni miji midogo yenye stendi, nyumba za wageni na mashine za kukoboa, lakini bomba ni lilelile. Majibu haya ni kwa mafundi na kamati za vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii (CBWSO), watendaji wa kata na yeyote anayetakiwa kuamua fedha kidogo iliyopo ianzie wapi.

Kila kiangazi tuna mgao. Je, tutafute chanzo kipya?

Msianzie hapo. Chanzo kipya ndicho kitu cha gharama kubwa kuliko vyote, na kikiunganishwa kwenye mabomba yanayovuja, nusu ya maji yake itaishia ardhini kama ya kwanza.

Chukueni mji wa watu 9,000. Nusu wanachota kwenye vituo vya umma, lita 25 kwa mtu kwa siku, ambacho ndicho kiwango cha Sera ya Maji ya mwaka 2002. Nusu wana bomba uani, tukadirie lita 60 kwa mtu. Jumla ni mita za ujazo 382 kwa siku. Kama nusu ya maji hupotea njiani, chanzo kinatakiwa kitoe mita za ujazo 765. Upotevu ukishuka hadi asilimia 20, mji uleule unatosheka na 478. Sasa kama chanzo kinaruhusu lita 8 kwa sekunde mwezi Oktoba, yaani mita za ujazo 691 kwa siku, katika hali ya kwanza kuna mgao na katika hali ya pili kuna ziada. Watu wakiongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, kasi ya taifa iliyoonekana kwenye Sensa ya 2022, ziada hiyo inatosha kwa takriban miaka 11.

Tathmini inaanzia wapi?

Kwa miguu, kuanzia kwenye banio (mahali maji yanapochukuliwa kutoka chanzo) hadi koki ya mwisho. Michoro ya zamani ikipatikana ofisi ya wilaya ya RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), ibebeni, ila msiiamini mpaka mmeona kilichopo. Mchukueni mzee aliyechimba mtaro au aliyekuwa mlinzi wa bomba. Mara nyingi yeye ndiye pekee anayejua valvu iliyofukiwa chini ya kibanda cha chipsi iko wapi.

Bebeni simu yenye GPS, futi kamba ya mita 30, ndoo ya lita 20, saa yenye sekunde, geji ya mgandamizo ya bar 0 hadi 16 yenye kiungio cha nusu inchi, spana ya bomba, jembe na daftari. Kila kifaa kipewe namba: tangi, chemba, valvu, kivuko cha mto, kituo cha kuchotea. Andikeni aina ya bomba, kipenyo, kina chake ardhini na hali yake.

Kila valvu ifungwe na kufunguliwa, mkihesabu mizunguko. Geti valvu ya inchi 3 inayokwama baada ya mizunguko miwili haifungi, hata kama imepakwa rangi mpya. Msiilazimishe kwa kuongezea spana bomba refu. Shina hukatika na mji mzima hukosa maji siku hiyo. Chemba zilizojaa tope zisafishwe kabla ya kuandika lolote, kwa sababu mvujo wa gasketi ya flanji hujificha humo kwa miaka.

Simu hukosea mwinuko kwa mita 10 na zaidi, kwa hiyo msiitumie kukokotoa mgandamizo. Geji hutoa jibu zuri zaidi: funga maji yasitembee, soma bar, zidisha kwa 10, upate mita za maji yaliyo juu yako.

Tunapimaje maji ya chanzo?

Pimeni Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza. Kipimo cha Machi kinafurahisha tu.

Chemchemi ndogo: elekeza maji yote kwenye kipande cha bomba, jaza ndoo ya lita 20, pima mara tano, chukua wastani. Sekunde 8 ni lita 2.5 kwa sekunde. Kijito kikubwa zaidi kinahitaji bamba la chuma lenye mkato wa V wa nyuzi 90, lililowekwa wima na kuzibwa pembeni kwa udongo wa mfinyanzi, maji yaanguke huru upande wa pili. Pima kimo cha maji juu ya ncha ya V, lakini simama upande maji yanakotoka, umbali usiopungua mara nne ya kimo hicho, maana karibu na mkato uso wa maji huinama. Sentimita 5 ni takriban lita 0.8 kwa sekunde, sentimita 10 ni lita 4.4, sentimita 15 ni lita 12, na sentimita 20 ni karibu lita 25. Ukikosea sentimita moja tu, jibu linahama sana, kwa hiyo rula isomwe na watu wawili.

Tutajuaje kiasi kinachopotea kama hatuna dira (mita ya maji) kubwa?

Tumieni tangi lenyewe, usiku. Kwanza hakikisheni tangi halivuji: fungeni valvu ya kuingiza na ya kutoa, wekeni alama ya chaki kwenye ukuta wa ndani, subirini kwa muda wa saa nne. Alama na maji visipoachana, endeleeni.

Kati ya saa 8 na saa 10 usiku, fungeni maji yanayoingia, acheni yanayotoka, na pimeni kushuka kwa maji kila baada ya dakika 15. Tangi la mita 8 kwa 6 lina eneo la mita za mraba 48. Likishuka sentimita 15 kwa saa, zimetoka mita za ujazo 7.2, yaani lita 2 kwa sekunde, wakati mji umelala. Toeni matumizi halali ya usiku (hospitali, bweni, gesti), kisha kilichobaki zidisheni kwa 20 na si 24, kwa sababu mchana mgandamizo hushuka na mivujo hupungua kidogo. Kama hakuna matumizi ya usiku, hapo mnapoteza kama mita za ujazo 144 kwa siku.

Kuna mtego mmoja. Mji wenye mgao una matangi ya plastiki majumbani, na hayo hujazwa usiku. Kipimo kifanyike baada ya siku tatu za maji mfululizo, matangi yakiwa yamejaa, la sivyo mtayaita maji ya watu mivujo.

Baada ya hapo rudieni usiku mwingine mkifunga mtaa mmoja mmoja. Mtaa ambao ukifungwa kushuka kwa tangi kunapungua ghafla ndio wa kuchimbwa kwanza.

Mivujo isiyoonekana inatafutwaje bila mashine?

Kwa fimbo ya chuma, nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita moja na nusu, ncha moja juu ya valvu au bomba na nyingine kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Mvujo husikika kama mluzi usiokatika. Kazi hii ni ya usiku, bodaboda zikiwa zimelala. Njia ya pili ni macho ya kiangazi: majani mabichi katikati ya nyasi kavu mwezi Septemba, magimbi yaliyojiotea kando ya barabara, tope pasipo na mfereji.

Msidharau mvujo mdogo. Tundu la milimita 3 kwenye mgandamizo wa mita 50 hupoteza zaidi ya lita 11,000 kwa siku, maji ya watu zaidi ya 400 kwenye kituo cha umma. Katika miji mingi, sehemu kubwa ya mivujo haipo kwenye bomba kuu bali kwenye matawi ya nusu inchi na robo tatu: klampu ya bei rahisi, bomba la poli lililokunjwa, kiungio kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Kwa nini mtaa wa juu hauna maji na mtaa wa chini mabomba yanapasuka?

Hili ndilo tatizo kuu la miji ya milimani, na ni tatizo moja wala si mawili. Kila mita 10 za kushuka huongeza bar 1. Bomba lililoandikwa PN6 limeundwa kubeba mita 60 za maji, PN10 mita 100, PN16 mita 160. Mteremko wa mita 140 kutoka tangi hadi sokoni, bila kitu katikati, unapasua PN10 usiku maji yanaposimama, hata kama mchana linaonekana zima. Ndiyo maana bomba hupasuka alfajiri.

Matangi ya kupunguza mgandamizo yalijengwa kwa sababu hiyo. Ni kichemba cha zege ambamo maji hutua kwenye hewa na kuanza safari upya kutoka sifuri. Kwenye tathmini, fungua kila kimoja. Mambo matatu hukutwa: floti (boya linalofunga maji yakijaa) imeoza na maji yanamwagika saa zote kupitia bomba la kufurikia, mtu amekiruka kwa kipande cha poli ili mtaa wake upate nguvu, au kifuniko hakipo na vyura wamo ndani. La pili ndilo linaloua mfumo, kwa sababu huhamishia mgandamizo wote kwenye mabomba ya chini ambayo hayakuundwa kuubeba.

Chagueni mabomba kwa mgandamizo wa maji yaliyosimama, mkiacha akiba: PN6 isizidi mita 50, PN10 isizidi 80 hadi 90. Kisha gawanyeni mji kwa kanda za mwinuko. Mtaa wa juu uwe na bomba lake kutoka tangini, lisilo na tawi hata moja linaloshuka sokoni. Mitaa ya chini ipite kwenye tangi la kupunguza mgandamizo, au valvu ya kupunguza mgandamizo kama kuna fundi wa kuisafisha chujio. Kwenye koki mgandamizo wa mita 10 hadi 30 unatosha. Ukizidi hapo ni kulisha mivujo.

Kugawanya kanda mara nyingi hugharimu valvu chache na mita mia kadhaa za bomba. Tungependa kila mji uanze na kazi hii kabla ya kujenga tangi jipya.

Bomba linakohoa hewa na maji yanakuja kwa vipindi. Tatizo nini?

Hewa imenaswa kwenye kilele cha bomba linalopanda na kushuka vilima. Valvu ya hewa imeziba kutu, imeibwa, au haikuwekwa kabisa. Wekeni ya milimita 25 kwenye kila kilele, ndani ya chemba yenye mfuniko na tundu la kutolea maji. Mkijaza bomba tupu, fungueni valvu kidogo kidogo, robo ya uwazi kwa nusu saa ya kwanza. Bomba lililojazwa kwa pupa hufinya hewa na kufyatua viungio.

Mabondeni iwepo valvu ya kusafishia, ifunguliwe mwanzoni na mwishoni mwa masika mpaka maji yatoke meupe.

Mabomba ya chuma ya miaka 40 yabadilishwe yote?

Hapana. Kata vipande vya sentimita 30 sehemu tatu na utazame ndani. Maji ya milima yetu mengi ni laini na yenye asidi kidogo, hula zinki kisha chuma, na kutu hujenga vinundu ndani. Bomba la milimita 80 likibaki na nafasi ya milimita 65 hupitisha takriban asilimia 58 tu ya maji yake ya awali, kabla hata ya kuhesabu ukwaruzo. Penye vinundu vya namna hiyo, badilisheni. Pakiwa na kutu nyembamba na hakuna mivujo, acheni, fedha iende kwingine. Kwenye vivuko vya mito, miamba na kingo za barabara, chuma kinabaki kuwa bora, kwa sababu plastiki iliyo juani hukakamaa na huchomwa na moto wa mashamba.

Na yale ya asbesto simenti?

Yasiguswe kama hayavuji. Yakihitaji kukatwa, tumieni msumeno wa mkono huku mkimwagia maji, barakoa puani, na kamwe si grenda: vumbi lake likivutwa huleta saratani ya mapafu. Bomba jipya lilazwe kando, la zamani liachwe ardhini na lichorwe kwenye ramani.

Tukilaza bomba jipya, mafundi hukosea wapi?

Kina cha mtaro. Kuwe na udongo usiopungua sentimita 80 juu ya bomba, mita moja panapolimwa viazi kwa trekta, na bomba la chuma la kulifunika linapokatisha barabara, maana greda likishusha wembe hukata kila kilicho chini kidogo. Chini ya bomba tandikeni mchanga au udongo laini sentimita 10. Jiwe moja linalogusa PVC hulitoboa baada ya miaka michache.

Kwenye viungio vya PVC vya mpira: ncha ichongwe mshazari, iwekwe alama ya kina cha kuingia, mpira ufutwe mchanga na upakwe maji ya sabuni. Grisi na oili chafu ya gari hula mpira. Bomba likifika mwisho lirudishwe kama sentimita moja, ili lipate pa kurefukia joto likipanda.

Kona zipigiwe zege. Maji yenye bar 10 kwenye kona ya nyuzi 90 ya bomba la milimita 110 yanasukuma kwa nguvu ya takriban tani 1.3, na udongo mbichi uliorudishiwa hauwezi kuizuia. Zege liegemee udongo ambao haukuchimbwa, na lisifunike kiungio.

Jaribuni kwa mgandamizo wa mara moja na nusu ya ule wa kazi kabla ya kufukia viungio. Kisha bomba lioshwe na kuuawa vijidudu: klorini ya miligramu 50 kwa lita, saa 24. Bomba la kipenyo cha ndani cha milimita 100 hubeba lita 7,850 kwa kilomita, hivyo linahitaji takriban gramu 600 za klorini ya unga ya asilimia 65. Maji hayo yasimwagwe kijitoni wala kwenye bwawa la samaki.

Masika maji huja mekundu. Klorini itasaidia?

Haitasaidia. Tope huificha bakteria na kumaliza klorini. Anzieni kwenye banio: chujio lenye matundu, chemba ya kutuliza mchanga, na valvu ya kufungia wakati wa mafuriko. Mji wenye tangi linalobeba nusu ya mahitaji ya siku unaweza kufunga chanzo saa kadhaa wimbi la tope lipite.

Tope likidumu wiki nzima, jengeni chujio la kokoto likifuatiwa na chujio la mchanga la mwendo wa taratibu. Kasi yake ni mita 0.1 hadi 0.2 kwa saa. Kwa mita za ujazo 20 kwa saa mnahitaji kama mita za mraba 133 za mchanga, zikigawanywa matangi yasiyopungua mawili, moja likisafishwa jingine lifanye kazi. Kusafisha ni kukwangua sentimita 1 hadi 2 za juu tu. Anayeukoroga mchanga wote anaua utando ulio juu, na utando huo ndio unaofanya kazi kubwa ya kuondoa vijidudu.

Klorini kiasi gani kwa siku?

Kwa mita za ujazo 478 na dozi ya miligramu 1.5 kwa lita, ni kilo 1.1 ya unga wa asilimia 65, iliyokorogwa kwenye tangi dogo na kudondoshwa taratibu maji yanapoingia tangi kuu. Lengo ni miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita iliyobaki, ipimwe kwenye koki ya mwisho kabisa ya mji na si tangini. Unga uhifadhiwe pakavu, mbali na mafuta na chuma. Ndoo iliyofunguliwa muda mrefu hupoteza nguvu, hivyo pimeni mabaki kila wiki na msitegemee hesabu pekee. Sampuli za vijidudu zipelekwe maabara ya maji: E. coli iwe sifuri katika mililita 100.

Mikaratusi na vinyungu (bustani za mabondeni) juu ya chanzo: tufanyeje?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo. Lakini mtu anayelima kinyungu cha mahindi mabichi kiangazi analisha watoto wake, na bango pekee halitamhamisha. Pimeni mpaka pamoja na serikali ya kijiji, mpeni eneo mbadala au nafasi ya kwanza kwenye miche na kazi za ulinzi, kisha sheria ndogo isimamiwe. Mikaratusi ikatwe kwa awamu na ipandwe miti ya asili ya bondeni. Kilichopuliziwa dawa ya viazi juu ya banio kitafika kwenye koki, na klorini haiondoi dawa hiyo.

Kibali cha kutumia maji kipo kwenye Bodi ya Maji ya Bonde: Rufiji kwa upande wa Iringa na Usangu, Ziwa Nyasa kwa upande wa Rungwe na Kyela, Ziwa Rukwa kwa upande wa Chunya na sehemu za Songwe. Kiangalieni, vibali vingi vya zamani ni vya kiasi kidogo kuliko mnachochota sasa.

Dira kwa kila mteja ni lazima?

Ndiyo, lakini anzeni na dira kubwa mbili: moja kwenye bomba linaloingia tangini, moja kwenye linalotoka. Bila hizo, dira za wateja hazina cha kulinganishwa nacho. Halafu wenye biashara: wafyatua matofali, waosha magari, gesti. Malipo ya bei moja kwa mwezi humfanya maskini mwenye ndoo amlipie anayemwagilia bustani. Kumbukeni pia kwamba ndoo ya lita 20 kwa shilingi 50 ni shilingi 2,500 kwa mita ya ujazo. Bei ya kituoni ikiwa juu kuliko ya mwenye bomba uani, panahitaji kurekebishwa.

Tangi la zege linavuja. Libomolewe?

Mara chache sana. Litoeni maji, lipigeni brashi ya waya, chongeni nyufa kwa umbo la V kina cha sentimita 2, jazeni mchanganyiko wa saruji kwa mchanga 1:2 wenye dawa ya kuzuia maji, kisha pigeni plasta mbili nyembamba na mzitunze kwa unyevu siku 7. Tangi likirudi kuvuja mahali palepale, msingi unazama. Hapo plasta haitafaa.

Stoo iwe na nini?

Klampu za kuzibia za kila kipenyo kilichopo ardhini, mbili mbili. Mabomba mawili ya kila aina, yakiwa kivulini. Soketi za kuteleza, mipira ya akiba, floti mbili, geti valvu moja ya bomba kuu, tepu ya nyuzi, msumeno, na dira kumi za wateja. Bomba likipasuka Ijumaa jioni na klampu iko dukani Mbeya mjini, mji unakaa bila maji mpaka Jumatatu.

Basi chanzo kipya kitahitajika lini?

Upotevu ukiwa umeshuka hadi karibu asilimia 20, kanda za mgandamizo zikifanya kazi, dira zikisomwa kwa angalau kiangazi kimoja kizima, na bado maji yanayoingia tangini mwezi Oktoba yakawa pungufu ya mahitaji. Hapo mtakuwa na takwimu za kupeleka RUWASA pamoja na maombi, na mtajua mnahitaji lita ngapi kwa sekunde, kwenye mwinuko upi. Chanzo kidogo kilicho juu ya mtaa wa juu kitawafaa kuliko kisima kirefu cha bondeni kinachodai umeme kila siku. Kikiwa ni kisima hata hivyo, pimeni floridi na chuma kabla ya kununua pampu, na jaribio la kusukuma maji lifanyike mwishoni mwa kiangazi, saa 24 bila kukatika.